Mashine ya useremala ya urithi, kazi tano mota moja: ikiranda inatetemeka, na kibao cha jina hakipo. Ni ya wapi hii?

#1 Karakana ya Mlimani
Habari wakuu. Mashine ilikuwa ya babu, ikaenda kwa baba, sasa imebaki kwa warithi watatu. Mwili mzima ni chuma cha kusubu. Mota moja inaendesha msumeno wa duara, randa ya juu, randa ya unene, kitoboleo cha pembeni cha matundu ya tenoni na spindo ya kuchonga urembo. Mikanda ni bapa, ya ngozi, kila kazi na wake. Unahamisha kwa mkono.

Msumeno na kitoboleo havina shida. Ukiwasha randa, mashine inatikisika mpaka spana iliyolala mezani inatembea yenyewe hadi ukingoni. Mbao inayopita kwenye randa ya unene inatoka na mawimbi, kutoka wimbi hadi wimbi milimita 8. Randa ya juu hatujathubutu kuigusa. Ngoma ya visu ni ya mraba, visu viwili, na beringi zake ni za risasi, si za golori.

Kibao cha jina kimeng'olewa, yamebaki matundu manne. Maswali mawili: mtetemo unatoka wapi, na mashine imetoka nchi gani? Wenzangu wawili wameshapata mteja wa chuma chakavu.

#2 Chapuo
Uzi bila picha. Haya tuendelee tu.

Visu hivyo. Vifungue, vipime kimoja kimoja kwenye mizani ya sonara, si ya nyanya. Visu vya ngoma ya mraba vinanolewa kwa mkono miaka na miaka, na fundi akimalizia kimoja zaidi ya mwenzake uzito unapishana. Pima na bolti zake pia. Watu wanasahau bolti.

#3 Mama Mninga
Kabla ya visu, sakafu. Chuma cha kusubu kinataka kukaa kwenye zege, miguu yote minne imegusa. Pitisha kipande cha karatasi chini ya kila mguu. Kikipita, hapo pananing'inia. Weka kabari ya mbao ngumu au bati, ndipo ukaze.

#4 Nyuzi55
Mimi najibu swali la pili. Chukua bolti yoyote ya asili, isiwe iliyobadilishwa, uipime unene na uhesabu nyuzi kwenye inchi moja. Ikiwa ni nusu inchi (milimita 12.7) na nyuzi 12, hiyo ni Whitworth, nyuzi za Waingereza zenye pembe ya digrii 55. Nusu inchi ya Kimarekani ina nyuzi 13. Milimita 12 ya kawaida hatua yake, yaani kutoka uzi hadi uzi, ni milimita 1.75.

Hesabu vizuri, 12 na 13 macho hudanganya. Weka bolti juu ya rula na taa kwa nyuma.

#5 Jua Kali Mtaani
Salamu kutoka Nairobi. Jamaa wa #2 na wa #3 mnakimbilia mbali. Swali la kwanza ni mota inazunguka mara ngapi kwa dakika. Mashine kama hizo huwa zimeshabadilishwa mota mara mbili tatu. Soma kibao cha mota, utuambie na kipenyo cha puli zote.

#6 Karakana ya Mlimani
Nimepima yote.
Mota: kilowati 2.2, fezi tatu, 2870 kwa dakika. Rangi yake mpya kuliko mashine.
Puli ya mota milimita 250. Puli ya ngoma ya visu 80. Puli ya shafti ya msumeno 150. Msumeno wenyewe 400.
Bolti: nusu inchi, nyuzi 12. Nimehesabu mara tatu.
Visu: gramu 418 na gramu 409.

#7 Jua Kali Mtaani
ZIMA. Usiwashe tena hata kuonyesha mgeni.

Piga hesabu. Mzunguko wa mota mara puli ya mota, gawa kwa puli ya mashine. 2870 × 250 ÷ 80 ni karibu 8970 kwenye ngoma ya visu. Ngoma ya ukubwa huo hukaa 4000 hadi 5000. Msumeno nao: 2870 × 250 ÷ 150 ni 4783. Msumeno wa milimita 400 kwa kasi hiyo, meno yanakwenda mita 100 kwa sekunde. Kinachotakiwa ni kama 50.

Sasa weka mota ya 1440 mahali pake: ngoma 4500, msumeno 2400. Umeona? Namba zinakaa sawasawa. Mota ya asili ilikuwa ya 1440. Aliyebadilisha alitazama kilowati tu, akachukua ya mzunguko mkubwa.

#8 Mzee wa Gerezani
Na huwa ndogo kwa umbo na rahisi kwa bei, ndiyo maana inachukuliwa.

Kijana anasema msumeno "hauna shida". Msumeno haupigi hodi. Soma namba iliyochorwa kwenye bati la msumeno, mwisho wake wa mzunguko umeandikwa hapo. Jino la kubandika likichomoka kwa mita 100 kwa sekunde hakuna aproni inayolizuia.

#9 Chapuo
Kwa hiyo mimi na #7 wote tuko sawa. Gramu 9 tofauti, kwenye nusu kipenyo cha sentimita 5, kwa 8970 zinavuta kama kilo 40 upande mmoja, kila mzunguko. Kwa 4500 zinavuta kilo 10. Kasi ikizidi mara mbili, mvuto unazidi mara nne. Hata kilo 10 sizitaki. Sawazisha visu vifike ndani ya nusu gramu. Saga mgongo wa kizito, usiguse makali.

#10 Mama Mninga
Bado hamjajibu mawimbi. Milimita 8 si alama za visu hata kidogo. @Karakana ubao wa mita moja unapita kwenye randa ya unene kwa sekunde ngapi?

#11 Karakana ya Mlimani
Nilipima kabla ya kuambiwa nizime. Sekunde 10.

#12 Mama Mninga
Basi ni milimita 100 kwa sekunde, yaani mita 6 kwa dakika. Visu viwili kwenye 8970 vinapiga kama mara 300 kwa sekunde. Alama zingekuwa theluthi ya milimita, kiganja kisingezihisi. Hata kama kinakata kisu kimoja tu, ni theluthi mbili. Wimbi la milimita 8 linatokana na kitu kinachogonga mara 12 na nusu hivi kwa sekunde. Ni kitu cha polepole. Tafuteni hicho.

#13 Kamba ya Ngozi
Ni kiungo cha mkanda, hiyo hata haina mjadala. Mkanda wa randa una urefu gani, na umeungwaje?

#14 Karakana ya Mlimani
Mita 3 kasoro kidogo. Umeungwa kwa vibanio vya chuma vya meno, sehemu moja.

#15 Kamba ya Ngozi
Haya. Puli ya 250 kwa 2870 inasukuma mkanda karibu mita 37.6 kwa sekunde. Gawa kwa mita 3: kiungo kinapita kwenye puli ya ngoma mara 12 na nusu kwa sekunde. Mama Mninga kaomba 12 na nusu, nimeleta 12 na nusu.

Vibanio vya chuma kwenye puli ndogo ya 80 vinagonga kila vikipita. Uunge kwa kuchonga ncha mbili ziwe kabari ya kama sentimita 15, upake gundi, ubane usiku kucha kati ya mbao mbili. Ncha ya juu isitazame upande mkanda unakokwenda, la sivyo itafunuka. Upande laini wa ngozi, uliokuwa na manyoya, ndio ukae kwenye puli. Wengi wanageuza kwa sababu upande wa ndani una vinyweleo, wanadhani ndio unashika. Hapana, ulio laini ndio unalala wote.

Na msinipake lami mkanda. Ukiteleza, umelegea au umekauka.

#16 Mzee wa Gerezani
Mkanda unaacha mawimbi, sawa, lakini hautembezi spana mezani. Hapo nazungumzia beringi. Ngoma ya mraba kwenye beringi za risasi zilizokufa ni kengele. Weka geji ya saa juu ya shafti, nyanyua ngoma kwa mpini wa mbao kutoka chini. Shafti ya milimita 40 iache nafasi ya milimita 0.04 au 0.05. Ikifika 0.2 umeshapata mchawi wako.

#17 Karakana ya Mlimani
0.25 upande wa puli. 0.10 upande wa pili.

#18 Mzee wa Gerezani
Ndiyo hiyo.

Fungua kifuniko cha beringi, katikati utakuta vibati vyembamba vya shaba vimepangwa kila upande. Punguza kimoja kimoja, sawa kulia na kushoto, funga, zungusha kwa mkono. Inatakiwa izunguke bila kukwama na bila kuchezacheza. Ila kwanza paka rangi ya bluu ya mafundi kwenye shafti, zungusha, fungua utazame imegusa wapi. Ikigusa sehemu mbili tu, beringi imekuwa yai, na kupunguza vibati hakusaidii kitu.

Ikiwa yai, ni kumimina upya.

#19 Tenoni
Kumimina rahisi. Betri mbili za gari zilizokufa unapata risasi ya kutosha.

#20 Mzee wa Gerezani
Usimpoteze mtu. Tunaita "beringi za risasi" kwa mazoea tu. Madini yale hasa ni bati, lile la kulehemia, lenye antimoni na shaba kidogo. Risasi ya betri ni laini, itaminywa nje ndani ya wiki. Na kuiyeyusha nyumbani ni sumu, moshi wake na vumbi lake, kwako na kwa watoto wanaocheza hapo.

Ukipata madini yenyewe: kwaruza ya zamani yote, safisha ganda, lipashe moto mpaka tone la maji liruke. Shafti ipake masizi ya kibatari ili madini yasiishike. Ziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, uwe mkavu kabisa, maana unyevu mdogo tu utakurushia madini usoni. Joto unapima kwa kijiti kikavu cha msonobari: kichovye, kikibadilika rangi ya kahawia bila kushika moto, tayari. Mimina kwa mara moja, usisimame katikati. Ukisimama unapata beringi mbili zilizolaliana.

Mafuta ni mafuta, ya mashine, namba 68. Si grisi. Grisi kwenye hizi inaziba njia ya utambi unaopitisha mafuta.

#21 Kibao Kilichong'olewa
Nirudi kwenye swali la pili, mmelisahau. Nyuzi55 anataka kusema Uingereza kwa bolti tu. Bolti za Whitworth India walizitumia miaka mingi, na Batala, kule Punjab, ni mji wa visubio vya mashine. Mashine nyingi za mwambao huku zilipitia kwa mafundi wa Kihindi. Pima shafti ya msumeno panapokaa tundu la msumeno. Mwingereza angeweka inchi moja au inchi na robo. Milimita 30 ni ya bara la Ulaya.

#22 Karakana ya Mlimani
Milimita 30 kamili.

#23 Nyuzi55
Shafti inakerezwa. Mtu akitaka kununua misumeno ya kisasa anaikereza ifike 30, hata mimi ningefanya. Usipime kinachobadilishwa, pima kisichobadilishwa: skrubu ya kupandishia meza ya randa ya unene. Zungusha usukani mara 10, pima meza imeshuka kiasi gani.

#24 Karakana ya Mlimani
Milimita 63 na nusu.

#25 Nyuzi55
Robo inchi kwa mzunguko. Kwaheri bara la Ulaya.

#26 Kibao Kilichong'olewa
Kwaheri bara la Ulaya, karibu Batala. Hujathibitisha Uingereza, umethibitisha inchi.

Halafu kuna jambo linakukata, Nyuzi55. Kanuni za Uingereza za mashine za mbao za mwaka 1922 zilitaka randa ya kulishwa kwa mkono iwe na ngoma ya duara, kwa sababu ile ya mraba inaacha pengo kubwa kati ya meza na ngoma, na vidole vikiingia havitoki vyote. Hii ni ya mraba. Kwa hiyo ama ilitengenezwa kabla, ama haikutengenezwa kwa ajili ya kwao, ama si yao.

#27 Nyuzi55
Au ilitengenezwa kwa kuuzwa nje. Kanuni ilibana viwanda vya kule, haikubana meli.

#28 Mkapa wa Tiki
Mnasahau misheni. Ndanda na Peramiho walikuwa na karakana kubwa za useremala za Wajerumani, na mashine zao zilizeeka zikauzwa.

#29 Kibao Kilichong'olewa
Mjerumani na robo inchi? 😂

#30 Mkapa wa Tiki
Misheni walinunua popote. Mimi nimesema tu.

#31 Tenoni
Warithi watatu, kazi tano. Mkubwa achukue msumeno na spindo, wa kati randa mbili, mdogo kitoboleo. Mota waipigie kura.

#32 Mama Mninga
Mdogo kaonewa. Randa zenyewe ni moja, ngoma ni ileile, juu unanyoosha, chini unapunguza unene.

@Karakana hata mkitengeneza yote, ile ngoma ya mraba ibadilisheni. Mpeni mkereza vyuma ngoma ya duara, shafti na ngoma kipande kimoja, visu vitokeze milimita moja tu. Kelele itapungua na vidole vitabaki. Na kama mnaranda mvule, angalieni mawe. Mvule una chokaa iliyoganda ndani, nyeupe, unaikuta bila taarifa. Kisu kikiipiga kinapata pengo, na kila mbao baada ya hapo ina mstari.

#33 Kibao Kilichong'olewa
Ukiibadilisha ngoma umeua ushahidi wa umri wa mashine.

#34 Mama Mninga
Ushahidi uwekwe kabatini pamoja na vidole.

#35 Mwananyamala Fezi Moja
Samahani kuchepusha uzi. Mashine kama hiyo kwenye umeme wa fezi moja inawezekana?

#36 Jua Kali Mtaani
Soma kibao cha mota. Kikisema 230/400, inawezekana: unaifunga delta (nyaya zake kwa umbo la pembetatu), unaweka kapasita ya kudumu karibu maikrofaradi 70 kwa kila kilowati, kwa 2.2 ni kama 150, na ya kuwashia mara mbili ya hiyo, inayokatika ikishashika kasi. Nguvu utapoteza theluthi. Kikisema 400/690, sahau. Inverta ni bora kama mfuko unaruhusu, inakupa fezi tatu za 230 na inaanza taratibu.

#37 Tenoni
Sasa si aweke inverta, apunguze hadi hezi 25, mota ya 2870 iende 1435? Puli ibaki ileile, hakuna kukereza.

#38 Jua Kali Mtaani
Na nguvu nayo itashuka nusu, 2.2 inakuwa 1.1. Tena feni ya mota inazunguka nusu, kwa hiyo itachemka wakati inafanya kazi ngumu zaidi. Puli ya mota ikerezwe mpya ya 125. Iwe na tumbo katikati, milimita moja hivi, ndilo linaloshikilia mkanda bapa usitoke. Puli iliyonyooka kama bomba itautupa mkanda dakika ya kwanza. Mikanda yote itapungua urefu, ndiyo nafasi ya kuiunga upya kama alivyosema Kamba.

#39 Dada wa Kutu
Wakati mnasubiri mkereza, kutu ya meza: vipande vinavyofunguka viwekwe kwenye pipa la plastiki, maji na magadi kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, chaja ya betri ya volti 12. Hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye nondo chakavu. Nje, penye hewa, hakuna sigara. Baada ya usiku mmoja kutu inatoka kwa brashi.

#40 Tenoni
Nondo inaliwa haraka. Mimi naweka kijiko cha chuma cha pua, hakiliwi.

#41 Dada wa Kutu
Kinaliwa, na kinachotoka humo ni kromiamu ya sumu. Maji yakigeuka manjano ujue. Nondo, nondo, nondo. Na ngoma ya visu usiitumbukize, wala visu.

#42 Karakana ya Mlimani
Wakuu, mrejesho. Puli ya 125 imefungwa, mota ileile. Visu vimesawazishwa, tofauti haifiki nusu gramu. Vibati vya beringi vimepunguzwa, sasa 0.06 upande wa puli. Bluu inagusa robo tatu, si yai. Spana haitembei tena.

Mkanda umefupishwa kidogo, lakini vibanio ni vilevile, gundi haijapatikana. Mawimbi yapo, na bado ni milimita 8.

#43 Chapuo
Spana haitembei = visu. Asanteni.

#44 Mzee wa Gerezani
Spana haitembei = beringi. Amefanya vitatu kwa mpigo, utajuaje wewe?

#45 Kamba ya Ngozi
Milimita 8 ileile! Mota ya randa na ya roli za kusukumia ni moja. Mkanda umepungua kasi nusu, roli zimepungua nusu, kwa hiyo umbali wa wimbi haubadiliki. Kiungo cha mkanda kimejisema chenyewe.

#46 Mama Mninga
Taratibu. Chochote kinachozunguka na roli kitatoa jibu hilohilo. Roli ina kipenyo gani, na gia yake meno mangapi?

#47 Karakana ya Mlimani
Roli milimita 60. Gia ya kwenye roli meno 24.

#48 Mama Mninga
Mzingo wa roli milimita 188, gawa kwa 24: jino moja ni milimita 7.85. Kila jino la gia likishika, ubao unasita kidogo. Haya Kamba, sasa tuko wawili kwenye milimita 8.

Mpitishe ubao kwenye randa ya juu, hakuna roli kule. Mawimbi yakiwepo, mkanda. Yasipokuwepo, gia. Tumieni kisukumio na kinga ya ngoma iwe mahali pake, ngoma bado ya mraba hiyo.

#49 Karakana ya Mlimani
Randa ya juu: hakuna mawimbi. Ila ubao wa kwanza ulikuwa mkongo, huu wa leo ni msonobari.

#50 Kamba ya Ngozi
Na kwa mkono unasukuma kasi isiyo sawa, wimbi linatawanyika. Jaribio halina maana. Rudia kwa mkongo uleule, halafu unga mkanda, urudie tena.

#51 Tenoni
Mteja wa chuma chakavu kaishia wapi?

#52 Karakana ya Mlimani
Alikuja jana na lori. Wenzangu wamekubali mashine ibaki. Kachukua ile puli kubwa ya 250 tu, haina kazi tena.

#53 Nyuzi55
Puli ya ASILI? Ulitazama ndani ya mikono yake, zile spoki? Humo ndimo wasubu wanaweka herufi za kiwanda!

#54 Kibao Kilichong'olewa
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Nyuzi55. Mfuate huyo mtu.

#55 Karakana ya Mlimani
Nimempigia. Anasema iko chini kabisa ya mzigo, na anakumbuka aliona kitu kama herufi, ila hasomi za kinyume.